Usilenge mlango: shabaha za mishale nilizotengeneza uani kwangu Nzuguni, Dodoma

Shabaha yangu ya kwanza ilikuwa mlango. Mlango chakavu wa mninga, uliobaki fundi alipoweka milango mipya. Nikauegemeza ukutani, nikauchora duara kwa chaki, nikasimama hatua kumi. Mshale wa kwanza ulidunda ukarudi, ukapita karibu na goti langu. Wa pili ukakita, na ukakita kweli: nilivuta, nikakanyagia kwa mguu, mwishowe nikabaki na ufito mkononi, ncha imesalia ndani ya mninga. Mishale sita niliyoinunua kwa kujinyima ikawa mitano kabla hata sijatoka jasho.

Nikajaza mchanga kwenye kiroba. Mchanga unasimamisha mshale vizuri, lakini unaukwangua na kula ncha, na kila tundu linavuja. Baada ya siku tatu kiroba kilikuwa nusu, na kuku wa jirani wanaoga vumbi chini yake.

Aliyenifungua macho ni babu wa mke wangu, Msandawe wa Kwa Mtoro, alipokuja kukaa nasi wiki mbili. Nikamwonesha mlango. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. “Mjukuu wangu, mshale unashikwa ubavuni. Wewe unataka kuushika mdomoni?”

Hapo ndipo kila kitu kilipo. Ukiweka kitu kigumu mbele ya ncha, mshale utavunjika, utadunda au utanasa. Unachotaka ni kitu laini kilichobanwa sana, kiukumbatie mshale pande zote na kuuchosha kwa msuguano.

Kwa hiyo nikaanza na maboksi. Nenda kwa wenye maduka jioni wanapofagia. Pale Majengo mimi nilipewa bure nikalipa bodaboda tu. Kata vipande vya upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30, uvipange kimoja juu ya kingine mpaka rundo lifike sentimita 60. Boksi lina unene wa milimita 3 hadi 5 tu, na ukilibana linapungua, kwa hiyo usishangae ukivuka vipande 150. Weka ubao chini na juu, panda juu yake na mtu mwingine, kisha mlifunge rundo kwa mipira ya tyubu ileile wanayofungia mizigo kwenye baiskeli. Ukiweza kupenyeza kidole katikati ya vipande, fungua ubane upya.

Wengi hukosea kwenye upande wa kulenga. Kingo za maboksi ndizo zikutazame, ili mshale upenye kati ya kipande na kipande. Ukichomoa, vinajifunga tena. Ukilenga upande bapa unatoboa karatasi, na tundu la leo linabaki tundu kesho.

Rundo langu la kwanza nililiua mwenyewe. Nililiacha chini masika, na mchwa wa Dodoma hawahitaji kualikwa. Nilipolinyanyua, nusu ya chini ilibaki udongo. Sasa linakaa juu ya tofali na kipande cha bati, na turubai juu.

Shabaha ya pili, ninayoipenda zaidi, ni gunia la mahindi la kilo 100, lile jeupe la plastiki. Weka mawili, moja ndani ya jingine, kwa sababu jua la hapa linalipukutisha upesi. Jaza vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani. Mitumba iliyokosa wateja inafaa pia, ila toa vifungo na zipu zote. Kifungo cha suruali ya jinzi kiliwahi kunipindia ncha. Shindilia kwa mchi kila tabaka. Baada ya wiki mbili vitambaa vitashuka na juu patabaki hewa: ongeza, halafu ongeza tena. Lifunge kwenye fremu yenye miguu, maana upepo wa Julai unaliangusha lililosimamishwa tu. Tumia ncha butu za mazoezi. Vigumba vyenye makali vitachana gunia siku hiyohiyo.

Duara nachora kwenye karatasi ya manila kwa msumari na uzi: nusukipenyo sentimita 4, 8, 12, 16 na 20. Njano katikati, kisha nyekundu, bluu, nyeusi, nyeupe. Hiyo ndiyo shabaha ya sentimita 40 inayotumika kwenye mashindano ya ndani ya ukumbi, mita 18. Wewe anza na mita 5, tafadhali.

Na nyuma ya shabaha kuna nini? Nyuma ya shabaha yangu palikuwa na ua wa miti, na ng’ambo yake uwanja wa mama jirani. Siku moja alinirudishia mshale mkononi, kimya, kisha akasema, “Baba, wanangu wanapita pale.” Sikulala vizuri usiku ule. Nikageuza uwanja wangu mzima: sasa nyuma ni ukuta wa nyumba usio na dirisha, na mbele yake nimening’iniza zulia kuukuu, limelegea, lisikazwe, ili limalize nguvu ya mshale uliopotea. Hakuna anayefuata mishale kabla wote hatujaweka pinde chini. Ukichomoa, bonyeza shabaha kwa kiganja, shika mshale karibu na gunia, vuta ukiuzungusha, na asiwepo mtu nyuma yako. Mshale ukigoma kutoka, siku nyingine paka ufito sabuni ya mche kidogo kabla ya kuanza.

Zile mbao mbili za kubania maboksi seremala alizikata kwenye ule mlango wa mninga. Ya juu bado ina ncha yangu ndani.