Huna pumu, lakini vumbi la kitandani linafika kifuani

Mwenye mzio wa vumbi asiye na pumu huamini shida yake inaishia puani: chafya mfululizo alfajiri, kamasi jepesi, macho kuwasha. Kifua hakipigi filimbi, basi kizima. Sivyo. Pua na mirija ya mapafu ni njia moja ya hewa. Kwa wengi wenye mafua ya mzio, hata wasio na pumu, vipimo huonyesha seli nyeupe za eosinofili kwenye makohozi na gesi ya naitriki oksaidi iliyozidi kwenye pumzi. Ni dalili kuwa mirija imevimba kidogo, kimyakimya.

Kinachoendeleza uvimbe huo mara nyingi si vumbi la siku moja la kupangua stoo, bali dozi ndogo ya kila usiku. Utitiri wa vumbi, mdudu wa kama theluthi ya milimita, hula magamba ya ngozi yetu na hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo Pwani yetu humfaa karibu mwaka mzima. Chanzo kikuu cha mzio ni kinyesi chake, punje nzito ambazo zikitimuliwa huchukua kama nusu saa kutua. Ukikung'uta shuka chumbani ukalala papo hapo, utazivuta. Na pua inayochokozwa kila siku hufika mahali ikashtuka kwa kitu kidogo tu. Hata moshi wa udi, ambao wala si lazima uwe na mzio nao, unakukohoza.

Anza na kitanda, kapeti litasubiri. Mto wa sufi wa miaka mingi utoe kabisa, haufuliki. Godoro livalishe mfuko wa zipu uliofumwa kwa kubana, pande zote sita. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Huna mashine? Tia ndooni sehemu moja ya maji ya bomba, kisha sehemu mbili yanayochemka, zamisha nguo kwa mti, funika dakika 20. Maji baridi huondoa kinyesi kingi, lakini wadudu hubaki hai.

Chandarua husahaulika, nacho kinaning'inia juu ya uso wako. Chenye dawa usikitie maji ya moto: kioshe taratibu kwa maji baridi na sabuni ya mche, ukianike kivulini. Mapanga ya feni yafute kwa kitambaa kibichi.

Dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani ni ya kila siku, na hukamilisha kazi baada ya hadi wiki mbili. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, lenga upande wa sikio. Ukilenga ukuta wa kati, damu inaweza kutoka. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi.

Ukianza kukohoa usiku au kubanwa kifua ngazini, pima kasi ya pumzi kwa kifaa cha kupuliza (peak flow meter), asubuhi na jioni, wiki mbili. Kila mara puliza mara 3, andika namba kubwa. Toa ndogo ya siku kwenye kubwa, gawanya kwa wastani wa hizo mbili, zidisha kwa 100: 400 na 340 ni asilimia 16. Wastani wa asilimia hizo kwa wiki mbili ukizidi 10, mpelekee daktari daftari hilo, umuulize kuhusu pumu.