Kijibwa kagoma kula, mume kanuna

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 32, nimeolewa, tunaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mwaka jana mdogo wangu alihamia Oman kikazi akaniachia mbwa wake, Maltese mweupe wa kilo tatu na nusu, jina lake Simba. Ni mcheshi ajabu, lakini ana mambo! Chakula cha mfuko ananusa tu na kuondoka. Anataka kidari cha kuku kilichochambuliwa, mchana na usiku, na sharti nimlishe kwa mkono. Asubuhi tunagawana biskuti za chai. Mvua ikinyesha hakanyagi nyasi, anakojoa mlangoni. Anaiba soksi za mume wangu na kukimbilia nazo chini ya kitanda. Sasa limezuka jipya: nikiwa naye kwenye kochi, mume wangu akija kukaa, ananguruma na kumtolea meno. Mume kasema nichague, yeye au mbwa. Dada wa kazi naye kanuna, anasema hakuja mjini kupikia mbwa. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi ujao, mama wa swala tano, na hajui kama ndani kuna mbwa. Wifi yangu ndiyo kabisa, anadai manyoya ya mbwa yananizuia kushika mimba, maana mwaka wa tatu huu hatujajaliwa. Mtaani wananiita Mama Simba. Shangazi, nimgawe huyu mbwa? Na mume akirudi leo nimwambie nini?
Mama Simba, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu.

Nyumba yako ina mbwa mmoja, watu watatu walionuna, na wa nne yuko njiani na mizigo yake. Usimgawe mbwa kwanza. Ukimgawa leo, soksi zitatulia, lakini dada atabaki amenuna na wifi atatafuta sababu nyingine. Tuanzie jikoni.

Huyo unayemwita mchaguzi, mimi naona ameshiba. Mbwa mzima wa kilo tatu na nusu anayeshinda ndani mahitaji yake ya siku ni kama kalori 200 hadi 280 hivi. Kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi kina kalori kama 150 hivi kwa kila gramu 100. Kwa hiyo kidari kimoja kikubwa kimemmalizia siku nzima, na wewe unampa mchana na usiku, juu ya biskuti za asubuhi. Ukija kumwekea chakula cha mfuko atakinusa kwa ajili ya nini? Kisha kila akikataa, kinakuja kitu kitamu zaidi, tena kwenye kiganja cha mama mwenyewe. Hata ningekuwa mimi ningekataa.

Na kuku mtupu hamtoshi, ijapokuwa ni ghali. Nyama peke yake haina kalsiamu ya kutosha, na mbwa anayeishi kwa minofu miezi na miezi mifupa yake italipa. Chakula cha mfuko kimepimwa ili kimtosheleze. Kama bei inakushinda, zungumza na daktari wa mifugo juu ya ugali na dagaa, akupangie kipimo na cha kuongezea. Mabaki ya mezani ndiyo nisingependa uyazoee. Pilau la sikukuu lina vitunguu, na wengine hutia zabibu kavu, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa. Vitunguu saumu na chokoleti navyo ni hivyo hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, usimtupie.

Lakini kabla hujamwekea sheria yoyote, mkague kinywa. Mpakate mahali penye mwanga, umnyanyue mdomo wa juu pembeni, uangalie magego ya nyuma pale jino linapoingia kwenye ufizi. Vijibwa hivi vidogo meno yao yamebanana, ukoga hujikusanya upesi. Ukiona ganda la rangi ya kahawia, ufizi mwekundu kama umechubuka, au pumzi inanuka kama samaki wa jana, basi huenda punje ngumu zinamuuma naye amechagua kuku kwa sababu ni laini. Hapo hakuna ukaidi wa kutibu, kuna jino. Na ukienda kwa daktari beba kadi ya chanjo. Mbwa aliyeanza kutolea watu meno na hana chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu, hilo ni jambo la wiki hii hii. Dawa ya minyoo uulizie pia.

Meno yakiwa mazima, fanya hivi. Chakula mara mbili kwa siku, kwenye bakuli, sakafuni, mahali pamoja. Dakika 15 au 20, kisha bakuli linaondoka, amekula hajakula. Hakuna biskuti katikati, hakuna kiganja, hakuna kumbembeleza. Usimhamishe siku moja. Changanya punje na kuku kidogo, kuku akipungua kila siku kwa muda wa wiki hivi, tumbo lisije likaharibika. Atakuangalia kwa macho yale. Utaona kama unamuua. Mbwa mzima mwenye afya akiruka mlo mmoja hafi, ila akipitisha siku nzima bila kula kitu, au akitapika, au akilegea, acha mambo ya sheria umpeleke kwa daktari.

Sasa huyo dada. Katika barua yako yote amepata mstari mmoja, naye ndiye niliyemwonea huruma kuliko wote, mniwie radhi wewe na Simba. Hukusema mchana yeye anakula nini. Majumba mengi nayajua: mtu anasimama jikoni, anachambua kidari nyuzi kwa nyuzi, anakipuliza kipoe, anampelekea mbwa, kisha anarudi kujipakulia maharage ya jana. Kama kwako ni hivyo, hata akinuna mwaka mzima ana haki yake. Na hata kama mnakula sahani moja, kazi mliyokubaliana siku ya kwanza ilikuwa usafi, kufua na kupika cha watu. Mbwa aliletwa baadaye, na hakuna aliyemuuliza. Kaa naye. Mwambie kuku wa Simba amekwisha. Kumlisha, kumchana na kuokota kinyesi chake ni kazi yako na mumeo. Ukitaka akusaidie siku ambazo haupo, mkubaliane na pesa iongezwe, tena itajwe ni shilingi ngapi, siyo "nitakuangalia mwisho wa mwezi". Na akikataa, amekataa.

Kwenye kochi napo tusicheke sana, ijapokuwa najua mlicheka siku ya kwanza. Kilo tatu na nusu zinamfukuza mwenye nyumba kwenye kochi lake, nani asingecheka? Ila anayenguruma anakuonya. Ukimpiga au kumfokea kwa kunguruma, atajifunza kunyamaza, na siku nyingine ataanza moja kwa moja na jino. Kwa hiyo usimwadhibu. Wewe ndiye unayelindwa pale, basi wewe ndiye wa kuondoka: akinguruma tu, simama bila neno, nenda zako dirishani. Kochi limebaki tupu, hana tena cha kulinda. Kwa sasa alale kwenye mkeka wake chini, na mkeka huo uwe mahali pazuri, ndipo vitu vitamu vinapopatikana.

Mumeo naye ana sehemu yake, na ndiyo kubwa. Katika macho ya Simba mumeo ni mtu anayekuja jioni, anamwondoa mahali penye joto, anampokonya soksi. Hana hata jambo moja jema analomletea. Akiwa yeye ndiye mwenye bakuli la jioni, habari zitabadilika taratibu. Asimkazie macho, asimwinamie kwa juu, asilazimishe kumbeba. Aweke bakuli, akae pembeni, asome simu yake. Mbwa atamfuata mwenyewe. Na ikitokea siku jino limemgusa mtu ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, Simba awe amechanjwa au hajachanjwa. Simba akifikia hatua hiyo, daktari wa mifugo amwangalie kama ana maumivu mahali, maana mbwa anayeumwa hugeuka mkali.

Soksi ni kosa lenu wote. Anaiba, mnapiga kelele, mnamkimbiza chumba hadi chumba, mnalala kifudifudi kumvutia kutoka mvunguni. Kwake huo ndio mchezo bora wa siku nzima! Soksi ziingie kwenye tenga lenye kifuniko. Akiipata moja, usimfuate. Mwoneshe punje chache mbadilishane. Halafu mpe mchezo halali: kamba ya kuvutana, au taulo kuukuu ulilolikunja na punje ndani ahangaike nalo mwenyewe. Mbwa mdogo ana akili ya mbwa mkubwa, akikosa kazi anajitafutia.

Suala la mvua namtetea. Tumbo lake liko karibu na ardhi kuliko goti lako. Nyasi za masika kwake ni kupita mtoni. Mwandalie pembe ya baraza la nyuma palipoezekwa, beseni pana lenye mchanga au kipande cha ukoka, umpeleke kila akiamka na kila akimaliza kula, na umsifu papo hapo akijisaidia. Nywele zake hazikomi kuota, nazo kwa joto na unyevu wa Dar hufungana mafundo upesi, hasa makwapani na nyuma ya masikio, na ndimo kupe wanamojificha. Zikatwe ziwe fupi. Kwenye picha hatapendeza kama sasa, lakini atapumua.

Twende kwa mama mkwe. Mimi si shekhe, ila huku pwani wengi wetu tumelelewa kwa madhehebu ya Shafi, na unajua mate ya mbwa yanavyohesabiwa: chombo kikirambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama huyo hana chuki na Simba. Anawaza udhu wake, nguo zake za kusalia, na kikombe atakachonywea chai. Wenye madhehebu ya Maliki wana maoni mepesi zaidi kuhusu mbwa, lakini nakuomba kwa mikono miwili, usimpokee mama mkwe mlangoni kwa mjadala wa madhehebu.

Aambiwe kabla hajapanda basi, na wa kumwambia ni mwanawe, siyo wewe. "Mama, tuna mbwa mdogo, ila chumbani kwako hataingia." Kisha neno hilo liwe kweli. Chumba cha wageni kifanyiwe usafi wa nguvu sasa hivi, shuka na mazulia vifuliwe, mlango ufungwe tangu leo ili Simba azoee kwamba huko si kwake. Msala na kanga za kusalia zikae humo humo. Bakuli za mbwa zioshwe nje, kwa sponji yake, zisikutane na vyombo vya watu kwenye beseni moja. Wewe ukimshika mbwa, osha mikono kabla hujamtengea mama chakula, tena aone ukiosha. Siku zote atakazokaa Simba awe baraza la nyuma na chumbani kwenu. Akilia mlangoni, na alie. Kama hata hivyo mama anaona hawezi, mtafutie Simba mahali pa kukaa kwa siku hizo na msigombane.

La wifi. Manyoya ya mbwa hayafungi kizazi cha mtu. Maneno hayo yanazunguka sana mitaani, na ubaya wake ni kwamba mtu anagawa mbwa kisha anakaa anasubiri mwaka mwingine. Madaktari husema wawili wakitafuta mtoto miezi 12 bila kuzuia na bila mafanikio, waende wakapimwe, na mwanamke akivuka miaka 35 asisubiri zaidi ya miezi sita. Ninyi ni mwaka wa tatu. Nendeni, na nasema nendeni, wote wawili, siku moja, kwa sababu mara nyingi tatizo huwa upande wa mwanamume au pande zote mbili, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyako.

Na lile la mtaani umelitupia mwishoni kama utani. Mumeo anapita getini jioni amechoka, anasikia mkewe akiitwa Mama Simba, na Simba mwenyewe yuko ndani amelala mapajani mwako kwenye kochi ambalo yeye haruhusiwi kukaa. Sidhani kama ugomvi wake ni wa soksi. Pengine hata "chagua" ile ilikuwa inauliza kitu kingine ambacho ameshindwa kukitamka. Muulize, mkiwa wawili, dada ameshalala, simu ziko mbali.

Lakini hilo si la leo akiingia tu mlangoni. Leo mwambie hivi: "Kuanzia sasa chakula cha jioni cha Simba unampa wewe." Kipimo ni kikombe kidogo cha kahawa kile kilichovunjika mkono, kama unacho, kiweke kwenye mfuko wa chakula wenyewe, kisije kikarudi kwenye kabati la vyombo siku mama yupo.