Sura 144 ndani ya vipindi 11

Swali la wiki hii: ni msimu gani wa pili wa anime (katuni za Kijapani) uliowavunja moyo mashabiki kuliko yote, na ulikosea wapi? Jibu langu ni The Promised Neverland, msimu uliorushwa Japani kuanzia Januari hadi Machi 2021. Ni hadithi ya mayatima, Emma na Norman wakiwemo, wanaogundua kuwa kituo chao huwalea ili waliwe na mazimwi.

Wengi hukimbilia kulaumu kubadilishwa kwa studio. Kwa One Punch Man lawama hiyo ina mashiko: msimu wa kwanza (2015) ulikuwa wa Madhouse, wa pili (2019) ukapewa J.C.Staff, na mapigano yakapoa. Hapa haisimami. Studio ni ileile, CloverWorks, na mwongozaji ni yuleyule, Mamoru Kanbe. Kilichoharibu ni hesabu.

Manga (kitabu cha vibonzo) ya Kaiu Shirai, iliyochorwa na Posuka Demizu, ina sura 181. Msimu wa kwanza ulitumia sura 37 kwa vipindi 12, yaani kama 3 kwa kila kipindi. Mwendo huo uliacha nafasi ya ukimya: nyayo za Mama Isabella, mlezi wa kituo, ukumbini, macho ya watoto wakijitahidi kutojisaliti mbele yake. Zilibaki sura 144, na msimu wa pili ukang'ang'ania kufika mwisho wa hadithi kwa vipindi 11. Hizo ni sura 13 kwa kipindi! Hakuna mwandishi awezaye kubeba mzigo huo. Lazima amwage njiani.

Kilichomwagwa ndicho uti wa mgongo. Goldy Pond, uwanja ambamo mazimwi wenye vyeo huwinda watoto kwa starehe, umeondolewa wote. Ameondolewa pia Yuugo, mtu mzima aliyekaa handakini peke yake miaka 13 baada ya wenzake kuuawa. Kwenye anime watoto wanafika handaki hilohilo na kulikuta tupu. Hasara yake haionekani mara moja, inaonekana Norman, mwenzao aliyedhaniwa amekufa, anapotaka kuwaangamiza mazimwi wote na Emma akakataa. Msomaji wa manga ameshamwona Emma akiwindwa, akipigana na kujeruhiwa vibaya Goldy Pond, kwa hiyo huruma yake ina uzito. Mtazamaji hajaona lolote la namna hiyo, na maneno yaleyale yanasikika mepesi. Norman naye anarudi kipindi cha 5. Kwenye manga, Emma anakutana naye baada ya sura ya 100, na kungoja huko ndiko kunakoufanya mkutano wao uume.

Kisha kipindi cha mwisho kinapitisha kwa picha mgando mambo ambayo yangejaza msimu mzima, ukiwemo mkutano wa kufunga ahadi mpya kuhusu binadamu na mazimwi. Bei ambayo Emma anailipa kwa ahadi hiyo kwenye manga haipo kabisa. Hilo ndilo lisilosameheka.

Na njia ilikuwepo. Kwa sura 5 kila kipindi, vipindi 11 vingefika sura ya 92, ukingoni mwa vita vya Goldy Pond. Kipindi kimoja zaidi kingetosha kuvimaliza, na hadithi ingepumzika pale hadi msimu wa tatu.

Aliyeupenda msimu wa kwanza achukue juzuu ya 5 na kuanzia sura ya 38. Vipindi vya kwanza vya msimu wa pili, vyenye Mujika na Sonju, mazimwi wawili wanaowasaidia watoto msituni, bado vinatazamika. Handaki likifika, azime na kurudi kwenye kitabu.