Tachidauni ni 6, halafu? Kuhusu teke la pointi 1 na jaribio la pointi 2

Mkuu, swali lako limenichekesha kwa sababu ndilo lililozua ubishi sebuleni kwetu msimu mzima. Umeuliza kuhusu futiboli ya Kimarekani: timu iko nyuma kwa 14 robo ya mwisho, inafunga tachidauni, inabaki nyuma kwa 8, halafu badala ya kupiga teke la pointi 1 inajaribu 2 na kukosa. Kocha kachanganyikiwa? Na je, wanaozuia nao wanaweza kuvuna chochote hapo? Kocha yuko timamu kabisa, alipiga hesabu. La pili ni ndiyo, nitalifikia.

Kwa wanaopita tu: tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la kufungia la wapinzani, ni pointi 6. Baada yake timu iliyofunga inapewa nafasi moja ya ziada, saa ikiwa imesimama. Inachagua yenyewe. Ipige mpira upite katikati ya milingoti ipate 1, au iuingize tena kwa kukimbia au kwa pasi ipate 2. Waliozoea raga, hasa ndugu zetu wa Kenya, hawapati taabu hapa, maana mchezo huu ulizaliwa na raga na teke hilo ni urithi wake. Mwaka 1883 teke lilikuwa na pointi 4 wakati tachidauni yenyewe ilikuwa 2! Mizani ikageuka polepole, na tangu 1912 tachidauni ni 6.

Mimi niko Ohio, na mchezo huu niliujulia uwanjani kabla ya kwenye runinga. Mpwa wangu alikuwa anacheza soka shuleni, timu ya kina helmeti haikuwa na mtu wa kupiga mateke, kocha wao akaja kumwomba. Vijana wahamiaji wengi huku huingilia mlango huo huo. Basi Ijumaa usiku tukawa tunakwenda na blanketi na chupa ya chai, na nikaanza kuona mambo ambayo kamera huwa haikuonyeshi. Teke lile si kazi ya mtu mmoja. Mmoja ameinama, anaupitisha mpira katikati ya miguu yake urukie nyuma yadi 7 hivi. Wa pili amepiga goti, anaudaka, anausimamisha, anauzungusha ili nyuzi zake zitazame goli. Wakati huo mpigaji ameshaanza hatua zake. Kwa watu wazima yote hayo huisha kwa kama sekunde 1.3, kwa sababu upande wa pili kuna majitu ya kilo 130 yanakuja mikono juu. Vidole vya mshikaji vikiganda kwa baridi ya Novemba, mpira unalala, na lawama zote anabeba mpigaji. Dada yangu alikuwa hawezi kutazama, anafunika uso mpaka asikie kelele ziko upande gani.

Tena hao wa sekondari wamerahisishiwa: mpira unaanzia yadi ya 3 kutoka mstari wa goli, wanaruhusiwa kuuweka juu ya kijikalio cha plastiki, na milingoti yao imeachana zaidi kuliko ya NFL, ligi ya kulipwa. Bado zipo shule zisizo na mpigaji kabisa, ambazo zinajaribu 2 kila zikifunga.

NFL kwa miaka mingi teke lilikuwa kama zawadi. Mpira ulianzia yadi ya 2 na wapigaji walikuwa wamefika asilimia 99, watu wanalitumia kwenda kuongeza soda. Mwaka 2015 ligi ikausogeza hadi yadi ya 15. Ukijumlisha kina cha eneo la kufungia, yadi 10, na hatua za nyuma anakosimama mshikaji, teke linakuwa la yadi 33, kama mita 30. Msimu huo huo mafanikio yakashuka hadi karibu asilimia 94. Muulize Stephen Gostkowski, mpigaji wa New England. Hakuwa amekosa teke la aina hiyo tangu 2006, akaja kulikosa Januari 2016 kule Denver, kwenye mechi ya kuingia Super Bowl, fainali ya NFL. Dakika za mwisho timu yake ikalazimika kutafuta 2 ili isawazishe, pasi ikadakwa na wapinzani, wakafa 20 kwa 18.

Wakati huo huo jaribio la 2 halikuguswa. Linaanzia palepale yadi ya 2, haifiki hata mita mbili. Vyuo walianza kuliruhusu 1958, NFL ikakubali 1994, na aliyefunga la kwanza ni Tom Tupa wa Cleveland, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumshikia mpigaji mpira! Akajifanya anashika, akakimbia nao ndani. Kwa wastani jaribio hilo hufanikiwa karibu nusu ya mara, pungufu kidogo.

Sasa hesabu yako. Chukulia mechi 100 za namna hiyo, timu iko nyuma kwa 14 na itafunga tachidauni mbili bila kujibiwa, na tuseme teke haliendi nje. Ukipiga teke mara zote mbili, mechi zote 100 zinakwenda muda wa nyongeza, unashinda kama 50.

Ukijaribu 2 kwenye ile tachidauni ya kwanza, na tuseme unapata mara 48, katika hizo 48 uko nyuma kwa 6. Tachidauni ya pili na teke moja, umeshinda kwa pointi 1, muda wa nyongeza hauhitajiki. Zile 52 ulizokosa bado hujafa: uko nyuma kwa 8, unafunga, unajaribu 2 tena, unasawazisha kama 25 kati yake, na nusu ya hizo unazichukua muda wa nyongeza. Jumla unakaribia 60. Hata timu yako ikiwa dhaifu, inapata mara 40 tu kati ya 100, bado inatoka na 52.

Siri ni ule mpangilio. Ukijaribu mapema na kukosa, una nafasi ya pili ya kurekebisha. Ukingoja tachidauni ya mwisho ndipo ujaribu, ukikosa mechi imekwisha. Kocha Doug Pederson wa Philadelphia alijaribu mapema hivyo 2018, na wengine wakafuata. Mashabiki wanaona lile lililokosa tu, ndiyo maana wanatukana.

Hayo ni ya nyuma kwa 14. Nyuma kwa 1 sekunde za mwisho ni habari nyingine, hapo ni moyo na uchovu wa vijana wako. Kocha Tom Osborne wa Nebraska, Januari 1984, angepiga teke apate sare na Miami na pengine aondoke na ubingwa wa vyuo. Alijaribu 2, pasi ikaguswa, akapoteza 31 kwa 30. Kocha John Harbaugh wa Baltimore alijaribu mara mbili Desemba 2021, dhidi ya Pittsburgh na Green Bay, zote akakosa, zote akafungwa kwa pointi 1. Mimi bado nasema alikuwa sahihi kwa Pittsburgh, maana mabeki wake walikuwa wamepukutika kwa majeraha na muda wa nyongeza ungemmaliza.

Anayetaka kuona 2 zikilipa, atafute Super Bowl ya Februari 2017. New England walikuwa nyuma 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta, na huyo huyo Gostkowski akagonga mlingoti kwenye teke la tachidauni ya kwanza. James White na Danny Amendola wakaingiza 2 kila mmoja, ikawa 28 kwa 28, wakashinda muda wa nyongeza 34 kwa 28.

Kuhusu wanaozuia: tangu 2015 kwenye NFL, wakiudaka au kuuzuia mpira na kukimbia nao hadi upande wa pili, wanapata 2 wao. Stephone Anthony wa New Orleans ndiye wa kwanza, Desemba 2015. Sekondari huku hawana hiyo, mpira wakiudaka umekufa.

Na ukiona timu imefunga ya ushindi saa ikiwa sifuri kisha hakuna aliyepiga teke, usishangae. Januari 2018 Minnesota waliifunga New Orleans hivyo, uwanja mzima umefurika sherehe, lakini sheria ililazimisha nafasi ile ichezwe. Wachezaji wakaitwa kutoka vyumbani, mpira ukatolewa, Case Keenum wa Minnesota akapiga goti tu ili mchezo uishe, ikabaki 29 kwa 24. Mwaka huo huo sheria ikafutwa. Waliokuwa wameweka mkeka kwamba Minnesota itashinda kwa 6 nadhani hadi leo wanaliota lile goti.