Andika mwenyewe maana ya git push

Siku hiyo nilikuwa Kisasa, hapa Dodoma, nikirekebisha hitilafu ndogo kwenye seva ya mteja. Seva ilikuwa CentOS 7, toleo la Linux, na Git yake, programu ya kutunza historia ya msimbo, ilikuwa 1.8.3.1. Nilikuwa nimebadilisha komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho ya tawi langu, yaani mstari wangu wa kazi, kwa hiyo nikaandika `git push --force`, amri ya kusukuma kazi kwenye hazina ya pamoja na kuandika kwa nguvu juu ya iliyopo kule. Likajitokeza onyo refu kuhusu `push.default`, sikulisoma. Chini yake nilitarajia mstari mmoja. Ikaja mitatu, kila mmoja na alama ya kujumlisha mbele, ishara ya tawi lililoandikwa juu kwa nguvu. Wa pili ulikuwa tawi la mwenzangu, kazi yake ya siku mbili.

Nikampigia simu mkono ukitetemeka.

"Kaka, samahani sana. Usifute chochote kwenye kompyuta yako."

"Kuna nini tena?"

Bahati nzuri komiti zake zote alikuwa nazo. Nakala yangu ya tawi lake ilikuwa ya nyuma tu, haikuwa na kitu kipya, hivyo aliposukuma upya kwa `git push` ya kawaida kila kitu kilirudi. Lakini dakika zile kumi sizisahau.

Chanzo ni hiki: kabla ya Git 2.0, iliyotoka 2014, `git push` tupu ilisukuma kila tawi lenye jina linalofanana kwenye mashine yako na kwenye hazina ya pamoja. Tangu 2.0 inasukuma tawi ulilopo tu. Kompyuta yangu ilikuwa na Git mpya, seva ilikuwa na ya zamani, na vidole vyangu vilizoea ile mpya.

Sasa kila mashine ninayoingia naanza na mpangilio huu, unaoiambia Git isukume tawi nililopo tu:

`git config --global push.default simple`

Naiandika hata pale Git ni mpya. Angalizo: kama akaunti ya seva mnaitumia wengi, `--global` itawagusa wote, maana inaandika kwenye `~/.gitconfig`, faili ya mipangilio ya akaunti hiyo. Hapo ingia ndani ya mradi uiandike bila `--global`. Ukitaka kujua mpangilio fulani umetoka faili gani, `git config --list --show-origin` itakuonyesha, ila si kwenye matoleo ya zamani.

Naweka pia `pull.ff only`, ili `git pull`, amri ya kuvuta kazi ya wenzangu, isiunganishe matawi bila mimi kuamua.

Kuhusu `--force`, ukitaka njia salama zaidi, huwezi kuibadilisha `push` yenyewe kwa jina la mkato. Git hupuuza mkato unaofanana na amri yake. Tunga jina jipya:

`git config --global alias.sukuma "push --force-with-lease"`

`git sukuma` hukataa kama mwenzako ameongeza komiti ambazo bado hujazichukua kwa `git fetch` au `git pull`. Inahitaji Git 1.8.5 kwenda juu, kwa hiyo seva ile isingeiweza. Huko sasa nataja jina la tawi kila mara.