Kabla ya Kutaja Watu wa Kufutwa, Fuata Karatasi Moja

Dada mmoja wa Kakamega ameniandikia. Anasimamia utawala katika kampuni ya usambazaji, na bosi wake anataka majina mawili ya watu wa kufutwa kwa sababu eti "ofisi inakula pesa wala haileti pesa". Ananiuliza amtaje nani, karani wa mafaili au msaidizi wa mhasibu.

Dada, nilipofika kwenye maneno hayo ya bosi wako niliweka simu kando nikatoka nje kupunga hewa. Nayajua. Niliyasikia Nakuru, katika kampuni ambayo sitaitaja, na hadi leo yakisemwa moyo huniuma. Kwa hiyo nivumilie, jibu langu litakuwa refu kuliko swali lako.

Tulikuwa na malori ya kusambaza chakula cha mifugo, kutoka eneo la viwanda hadi Kericho, Kisumu na Busia. Malori yalikuwa sawa, madereva wazoefu. Kilichokuwa kikilaza lori yadi ni karatasi. Tairi likiisha, dereva anajaza fomu. Fundi mkuu anatia sahihi. Stoo wanaandika kwamba tairi halipo, jambo ambalo kila mtu analijua. Idara ya ununuzi inatafuta bei kwa wauzaji watatu. Mhasibu anatazama bajeti, meneja wa fedha anatia sahihi, kisha fomu inamngoja mkurugenzi, na mkurugenzi siku nyingi za wiki yuko Nairobi. Wakati huo wote dereva yuko chini ya mti anacheza drafti, na mteja wa Kericho anamfokea binti wa mapokezi asiye na kosa lolote.

Kila mkutano wa Jumatatu lawama zilikuwa zile zile: makarani ni wavivu. Mimi nikaona tubishane na ushahidi. Nikawa nabana kikaratasi kwa stepla juu ya kila fomu ya tairi, mafuta na spea. Kila meza iandike saa fomu ilipofika na saa ilipotoka, basi. Sikutaka majina, nilitaka idara tu. Mesenja wetu, mzee aliyekuwa akijua kila kona ya jengo lile, ndiye aliyehakikisha hakuna anayekwepa.

Mwezi ulipoisha nilikaa Jumamosi nzima nikijumlisha. Ile kazi yenyewe, yaani kusoma, kukagua na kutia sahihi, ukiunganisha meza zote haikutimiza saa moja. Lakini safari ya fomu ilikuwa ikichukua karibu wiki mbili. Karatasi ilikuwa imelala kwenye trei. Na trei za makarani hazikuwa na tatizo, kwao ilikuwa ikitoka siku ile ile. Ilikuwa ikilala kwa wakubwa. Nyingine zilikuwa zikirudishwa mwanzo kwa sababu nambari ya gari haikuandikwa, au risiti haina PIN ya kodi ya muuzaji, vitu ambavyo fomu yenyewe haikuwa na nafasi ya kuviandika.

Nikapeleka hesabu hiyo mkutanoni nikiwa nimevaa tai. Meneja wa fedha aliitazama, akaniuliza, "Wewe umetumwa na nani?" Wiki iliyofuata vikaratasi vyangu vilipigwa marufuku.

Halafu akaletwa mshauri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na programu ya kompyuta, na wenyeji wawili wakaenda nyumbani: karani wa mafaili na msaidizi wa mhasibu. Unaona, dada, kwa nini barua yako ilinichoma? Ni vyeo vile vile. Programu ikawekwa kwenye kompyuta, mafunzo yakatolewa siku moja, na fomu ya tairi ikawa inajazwa kwenye kompyuta, inachapishwa, inawekwa kwenye trei ile ile ya mkurugenzi yule yule. Keki ilikatwa kusherehekea mageuzi. Nilipewa kipande.

Niliondoka baadaye. Yaliyowapata nilisimuliwa na waliobaki. Oktoba 2024 SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, makato yaliacha kufuata yale madaraja ya zamani yakawa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini shilingi 300. Jedwali la mishahara lilikuwa limetengenezwa na yule msaidizi wa mhasibu waliyemfuta. Hakuna aliyejua lilivyounganishwa. Ilibidi wampigie simu nyumbani. Nasikia aliwatoza, na alifanya vizuri.

Sasa niko Kisumu, kwa mama mmoja aliyeanza na kibanda sokoni Kibuye na leo ana maghala na magari. Yeye hakuniuliza nimetumwa na nani. Aliniambia, "Hivyo vikaratasi vyako, anzia mezani kwangu." Na kweli, fomu zilikuwa zikilala kwake. Akacheka, akaniambia nitoe dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa mipaka ya pesa. Fundi mkuu ananunua chochote kisichozidi shilingi 20,000 bila kuuliza mtu. Juu ya hapo anasaini meneja, na mama anabaki na manunuzi makubwa tu. Watu waliogopa kwamba tutaibiwa. Mtu anayetaka kukuibia hawezi kuzuiwa na sahihi saba, maana kila anayesaini anadhani wa kabla yake ndiye aliyekagua. Sharti letu ni moja: kila ununuzi uje na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na invoisi hiyo KRA haizikubali zikipunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwa hiyo dereva akiniletea karatasi ya daftari aliyoandikiwa njiani, sisubiri mwisho wa mwezi kuanza kulia. Anarudishwa siku hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anamkumbuka.

Dawa ya pili ndiyo ninayojivunia zaidi, na haikugharimu chochote. Mhasibu wetu alikuwa akionekana mzito. Nilikaa karibu naye asubuhi nzima nikasikiliza simu zake. Karibu zote zilikuwa swali moja: "Pesa yangu imefika wapi?" Wauza magunia, wenye gereji, wa mafuta, hata mama wa chakula. Kila simu anafungua faili, anatafuta, anajibu, anafunga, anasahau alikuwa akifanya nini. Huyo unaweza kumwongezea msaidizi au umwite mvivu, simu hazitapungua. Tuliamua malipo yafanywe kila Ijumaa, kwa kila invoisi iliyofika kabla ya Jumanne jioni. Tangazo likabandikwa dirishani pa stoo na kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji. Ijumaa ya kwanza hawakuamini. Walipoona pesa zinaingia kweli, simu zikakauka.

Mwezi huu makato ya wafanyakazi, yaani PAYE ya kodi ya mshahara, NSSF ya uzeeni, SHIF na ushuru wa nyumba, yalikwenda mapema kabla ya tarehe 9, na hakuna aliyelala ofisini tarehe 8 akipigana na mtandao. Hakuna aliyefutwa pia. Karani wa mafaili sasa ndiye anayepokea na kukagua invoisi zote mlangoni, zile mbovu hazipiti.

Nyinyi vijana mnaonisoma, najua mnataka kuendesha idara, hamtaki kuzeeka mkibeba mafaili yake. Basi acheni kuingia ofisini kwa bosi na malalamiko. Ingieni na saa zilizoandikwa. Tena ukishapewa trei yako, iondoe mezani! Karatasi ikikufikia isome, itie sahihi au irudishe na sababu. Meneja anayejisifu kwamba yuko bize huku fomu za watu zimelala kwake anawaibia wenzake siku zao, nami sioni tofauti kubwa kati yake na anayechota mafuta kwenye lori.

Kwako dada: usitaje jina. Omba mwezi mmoja. Chagua karatasi moja inayosumbua, kama ni ya malipo ya wauzaji au ya mafuta, ubane kikaratasi juu yake. Anzia kwenye meza yako ili wasiseme unawawinda. Halafu mpelekee bosi hesabu yake akiwa peke yake, mlango umefungwa. Mimi hesabu yangu niliisoma mbele ya mkutano mzima, na mtu mzima akiaibishwa mbele ya watu atatetea trei yake hadi mwisho.

Wengine mnaniuliza kuhusu programu, kwamba mnunue ipi. Sina ya kuwauzia. Punguzeni sahihi kwanza, kisha mwiteni muuzaji awaonyeshe kwa karatasi zenu wenyewe, tarehe 30 watu wakiwa wamebanwa, na mumuulize mtafanyaje stima ikipotea. Pia aseme ni karatasi gani itaacha kuchapishwa siku programu itakapoanza. Akishindwa kutaja hata moja, mpeni chai aende.