Maswali na Majibu: Kęstutis wa Lithuania

Kęstutis alikuwa mfalme au jemadari tu?

Vyote viwili, kwa nusunusu. Mwaka 1345 yeye na ndugu yake Algirdas, wana wa Gediminas, mtawala wa Lithuania, walimpindua ndugu yao Jaunutis aliyekuwa akitawala. Algirdas akakalia kiti cha Vilnius, mji mkuu, na kushughulika na mashariki. Kęstutis akakaa Trakai kuwazuia Wateutoni, wale watawa wapiganaji wa Kijerumani. Wakaenda hivyo miaka 32 bila kugeukana. Kwangu mimi hilo linashinda vita vyote alivyopigana.

Ni kweli alitoroka gerezani?

Kweli. Alitekwa Machi 1361, akafungwa Marienburg, makao makuu ya Wateutoni (leo Malbork, Polandi). Mtumishi aliyepewa kumhudumia, Alf, alikuwa Mlithuania aliyebatizwa, na damu nzito kuliko maji: akamsaidia mfungwa kutoboa ukuta. Novemba Kęstutis akaondoka amevaa joho jeupe la watawa, juu ya farasi wao wenyewe. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu.

Wateutoni walipigana naye kwa kuwa hakuwa Mkristo. Si angebatizwa tu, vita viishe?

Aliahidi, tena kwa kiapo. Mwaka 1351, mbele ya Louis, mfalme wa Hungaria, alichinja ng'ombe dume, akajipaka damu usoni na mikononi, akaapa atakwenda Buda, mji wa Hungaria, kubatizwa. Njiani, usiku, akachapa lapa. Wapo wanaomsifu kama mtetezi wa dini ya mababu. Mimi naona ubatizo aliufanya mtaji wa mazungumzo.

Alifia vitani?

Hapana, alimalizwa na ukoo. Algirdas alikufa 1377, akarithiwa na mwanawe Jogaila, ambaye mwaka 1380 aliwekeana mkataba wa siri na Wateutoni, baba yake mdogo akiachwa nje. Aliyemtonya Kęstutis ni kamanda mmoja wa Wateutoni haohao! Mwaka 1381 Kęstutis akaiteka Vilnius, akamwacha Jogaila hai. Agosti 1382 majeshi yao yakakutana karibu na Trakai. Kęstutis akaitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa, akapelekwa ngome ya Kreva. Siku chache baadaye akakutwa amekufa. Jogaila alisema kajinyonga. Wengi waliamini kanyongwa. Mwili ulichomwa Vilnius kijadi, pamoja na farasi na silaha.

Na mwanawe Vytautas?

Naye alikamatwa pamoja na baba yake, ila alitoroka Kreva akiwa amevaa nguo za mjakazi wa mkewe. Mwaka 1410 yeye na Jogaila huyohuyo waliwavunja Wateutoni kwenye vita vya Grunwald (leo Polandi).